Sikio la Gari la Isdori

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa wanawake hawajafika Mazwi kwa Alois fundi redio. Bwana huyo aliugua wivu tangu mavuno mpaka mavuno, tena wivu wa mdogo wake wa tumbo moja, na hakukosa kazini hata siku moja kwa ajili ya ugonjwa huo. Alikula nao, akaenda nao misa, akalala nao kitanda kimoja na mkewe Rozina, hadi Rozina akalalamika kwamba siku hizi kitandani wamekuwa watatu.

Kibanda chake kimekaa kando ya barabara, kati ya mshona viatu na mwanamke anayeuza maandazi. Ukipita asubuhi, baridi ya Ufipa ikiwa bado imeng'ang'ania masikio ya watu, utamkuta ndani ya koti lake zito la kahawia, mgongo ameukunja juu ya redio iliyopasuliwa tumbo, moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya ukimpanda puani. Zamani zilikuwa redio tu. Sasa ni sabufa, chaja za sola, simu zilizotumbukia kwenye ndoo, na pasi za watu wenye haraka. Mjini husemwa kwamba redio iliyomshinda Alois, itoe matumbo ufugie vifaranga. Yeye husikia sifa hizo na kunyamaza, maana anaamini mtu mwenye kazi nzuri hana haja ya kujisifu. Hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Alikaa kimya akingoja wengine wamsifu, na wengine walikuwa na shughuli zao.

Ni kifungua mimba wa marehemu mzee Mathias na mama Gaudiosa, wakulima wa ulezi na mahindi wa upande wa Matai. Baba alipofariki, Alois alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule bila kuambiwa na mtu, akashika jembe, kisha akaja mjini kujifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyekuwa na redio nyingi na meno machache. Kila shule zilipofunguliwa alirudi kijijini na daftari, sare na viatu vya mdogo wake Isdori. Alijinyima ili Isdori asome. Isdori naye akasoma mpaka siku alipoliona ziwa, basi. Akatorokea Kasanga na sare hiyohiyo mwilini, akawa kibarua wa kupakia mizigo ya kwenda Zambia na Kongo. Alois alikasirika mpaka akaapa hatalitaja tena jina lake. Kwa miaka mingi mama Gaudiosa akawa kama mwenye mtoto mmoja tu: yule aliyeezeka nyumba yake bati, aliyempeleka hospitali macho yalipomsumbua, aliyemfungia redio ya sola ili asikilize rozari akiwa jikoni.

Halafu Isdori akarudi, na hakurudi kwa miguu. Alikuja na Probox nyeupe iliyojaa dagaa na migebuka ya Kasanga, na kwenye kioo cha nyuma palikuwa pameandikwa kwa herufi nyekundu: ASANTE MAMA.

Alois aliyasoma maneno yale akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda, bisibisi mkononi. Akayasoma tena. Asante mama, sawa, mama ni mama. Na aliyekununulia daftari je? Kioo cha nyuma cha Probox ni kipana. Jina la herufi tano lingeenea pale bila kubanana.

Tangu siku hiyo akawa na roho ya kwa nini, na hizo kwa nini zikawa hazina mwisho. Kwa nini Isdori akipiga honi, watoto wa Alois mwenyewe wanaacha chakula wanakimbia kumlaki baba mdogo? Kwa nini Rozina, aliyekuwa akisema baiskeli inatosha kwa watu wenye akili, sasa anapenda sana kwenda sokoni siku ambazo gari lipo? Kwa nini watu waliokaa miaka wakimletea Alois redio zilizokufa na kuondoka nazo zikiimba, hawajawahi hata mara moja kumpungia mkono jinsi wanavyompungia muuza dagaa? Na kwa nini Isdori hana hata adabu ya kuringa? Angeringa, Alois angepata cha kusema. Lakini kijana alishuka garini akicheka vilevile kama alivyocheka zamani akiwa hana viatu, akamwamkia kaka yake, akamwekea migebuka mikubwa kuliko yote mlangoni. Alois aliila migebuka hiyo kwa hasira, akatafuna mpaka miba.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni ni jina. Mama yao, Gaudiosa, aliitwa Mama Alois tangu siku alipojifungua mara ya kwanza, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyewahi kufikiri vinginevyo. Gari lilipoanza kuingia kijijini, watu wakaanza kwa utani, kisha wakazoea: Mama Isdori, tusalimie mwanao. Mama Isdori, mwanao akienda mjini aniletee chumvi. Siku Alois alipolisikia hilo kwa masikio yake alikuwa uani kwa mama yake, anabadilisha waya wa sola. Jirani aliita kutoka njiani, “Mama Isdori!” na mama akaitika. Aliitika palepale, bila kusita, akatoka na kikapu chake. Alois alibaki juu ya ngazi, akahisi kama mtu aliyevuliwa shati katikati ya soko. Alitaka jina lake lirudi vinywani mwa watu. Na alitaka pia, Mungu amsamehe, Isdori aonekane mjinga angalau siku moja, mbele ya watu walewale.

Nafasi ikajileta yenyewe. Jioni moja Isdori aliegesha gari Mazwi, akaingia kunywa chai, na alipotoka akakuta vioo vyote viwili vya pembeni vimeng'olewa. Asubuhi yake akaja kibandani.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Naona gari halina masikio.”

“Wamening'olea. Wezi wa hapa hawahangaiki na mlango, kaka. Wanagonga, wanang'oa, wameshatokomea. Nataka alamu.”

“Alamu zinauzwa Mbeya.”

“Nikanunue Mbeya ya nini, na kaka yangu ni fundi? Tena za dukani nyingine paka akiruka tu zinapiga yowe. Wewe nitengenezee yenye akili.”

Mtu mwingine angesikia heshima katika maneno hayo. Alois alisikia tajiri akimwagiza kibarua. Alikubali lakini, kwa sababu angekataa watu wangeuliza kwa nini, na jibu hakuwa tayari kulitoa.

Kazi aliifanya vizuri. Huyu bwana hajui kutengeneza kitu kibaya kwa bahati mbaya. Alitoa maiki kwenye redio kaseti iliyokufa, kidude kidogo kama kifungo cha shati, akakibandika kwenye bati kwa ndani, chini ya usukani, ili mtu akigonga gari au akichokonoa kioo, mshtuko ule uingie humo kama sauti. Sauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo aliipitisha kwenye transista mbili zikaikuza, nazo zikaivuta rilei, ile swichi inayovutwa na umeme, na rilei ikiunga, umeme wa betri unakimbilia kwenye honi. Tatizo ni kwamba honi ikilia, maiki itaisikia honi yenyewe, na gari litajipigia kelele mpaka betri ife. Mafundi wengi hukwama hapo. Alois aliweka kapasita iliyoliziba sikio la gari wakati honi inalia na kulizibua honi ikinyamaza. Pii moja fupi, kisha kimya, gari linasikiliza tena. Swichi ya kuiwasha aliificha chini ya bampa. Mwisho kabisa akaunganisha volyumu ya redio ya zamani, ya kupimia ukali wa sikio hilo. Ukiizungusha kushoto, gari halishtuki mpaka liguswe kweli. Ukiizungusha kulia, mlio wowote mkali wa ghafla, hata ulio umbali wa hatua kadhaa, linaupokea kama limepigwa lenyewe.

Siku ya kuijaribu, gari likiwa mbele ya kibanda, alikuwapo Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa bonde, amekuja kuchukua chaja ya sola. Alois alipandisha volyumu, akasimama kando, akapiga makofi mara moja. Pii! Masunga akaruka nusura aangukie maandazi ya watu.

“Fundi, hilo gari linaogopa makofi?”

“Nalijaribu tu. Nimelipandisha sana.”

“Basi lishushe, ndugu yangu. Ninyi Wafipa kusalimiana kwenu ni makofi. Ukiliacha hivyo litawafokea wazee kijiji kizima!”

Masunga alicheka peke yake, akachukua chaja yake akaenda zake. Alikuwa ametania tu. Alois alibaki ameduwaa mkono juu ya volyumu, na utani ule ukaingia ndani yake ukakaa.

Maana Jumapili iliyokuwa inakuja, padre wa parokia alikuwa anakwenda kusomesha misa kwenye kigango cha kijijini kwao, na mama alikuwa ameomba gari libarikiwe. Baada ya hapo watu wote wangekwenda kwa mama kula na kulitazama. Na Alois alijua vizuri jinsi wangekuja. Wazee wa kwao hawasalimii kwa mdomo mtupu. Mtu huinama, akina mama hupiga goti, na viganja vikiwa vimekunjwa kidogo hupigwa taratibu, makofi mazito ya heshima, moja, jingine, jingine. Akaona kila kitu kama kiko mbele yake: akina bibi wanapiga goti, na gari la Isdori linawapigia kelele usoni. Kwa Mfipa, anayejibu salamu ya mzee kwa makelele hana tofauti na mbwa. Maneno yangezunguka mpaka Kipili. Baada ya hapo nani angependa kuitwa mama wa mwenye gari lile?

Aliirudisha volyumu kushoto, mahali pake. Akafunga skrubu ya kwanza ya kifuniko. Halafu akaifungua, akaizungusha volyumu kulia mpaka ikagoma. Mkono ulikuwa wake, na hakumsingizia shetani.

Gari alilikabidhi Jumamosi jioni kwa makusudi, ili lisipate muda wa kumuumbua mjini.

“Usiiwashe leo, gundi haijashika,” alimwambia mdogo wake. “Kesho tukifika kwa mama ndiyo uiwashe, watoto wa pale wana mikono mirefu. Na usiguse volyumu, nimeshaipima.”

“Niiguse najua nini mimi? Ubarikiwe sana, kaka.”

Alois akajibu amina, kwa sauti ndogo.

Jumapili waliondoka alfajiri. Isdori alimfungulia kaka yake mlango wa mbele, Rozina na watoto wakajibana nyuma. Upepo ulikuwa unasukuma nyasi za uwandani upande mmoja, na kwenye mashamba yaliyovunwa wanawake walikuwa wameshaanza kufukia majani kwenye matuta yao ya duara. Njiani kila aliyewaona alipunga mkono. Alois alihesabu kwamba kila mkono ulipungwa kwa dereva, hata ule wa mzee mmoja aliyekuwa upande wake kabisa na ambaye redio yake aliitengeneza mwenyewe Krismasi iliyopita. Rozina alikuwa akiimba nyuma na watoto. Akamwona mumewe anavyotafuna mdomo kwenye kioo kidogo cha ndani, akaacha kuimba.

Misa ilikwisha, padre akatoka nje na maji ya baraka, akalizunguka gari akalinyunyizia kila upande, akamnyunyizia na Isdori, na matone mawili yakamwangukia Alois aliyekuwa karibu. Aliyafuta haraka kwa mkono wa koti. Gari likatangulia nyumbani, watu wakafuata kwa miguu. Isdori aliliegesha kando ya kihenge cha mama, akafunga milango, akainama chini ya bampa kuwasha alamu kama alivyoelekezwa. Alois alisimama penye kona ya nyumba, mikono mifukoni, moyo ukimwenda mbio kama wa mtoto aliyeficha chura kwenye kikapu cha mama yake.

Watu wakaanza kuingia uani. Mbele kabisa alikuwa Bibi Bertilla, dada mkubwa wa mama, mwanamke ambaye mkutano wowote kijijini hauanzi kabla hajakaa. Mama alimpokea, Isdori akaja kusimama karibu na gari lake kwa heshima. Bibi Bertilla hakuingia ndani. Alilikazia macho gari kwa muda, akaridhika, akaweka fimbo yake chini. Akapiga goti moja, taratibu, kwa ajili ya mwenye gari na kwa ajili ya baraka aliyoileta nyumbani. Akakunja viganja. Pa. Pa.

Pii!

Mtoto mmoja akadondosha kipande cha muwa. Mama aliziba mdomo kwa khanga. Isdori alirudi nyuma hatua moja, macho yamemtoka, na kule penye kona ya nyumba furaha ilimpanda Alois kutoka tumboni mpaka kwenye mashavu kabla hajaweza kuizuia.

Bibi Bertilla hakuinuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Akapiga makofi tena, yaleyale, kwa subira.

Pii!

“Kumbe linaitikia!” alisema.

“Linaitikia nini, dada?” mama akauliza.

“Salamu! Linaitikia salamu! Nyamazeni, ninyi.” Akawatuliza watu kwa mkono, akapiga tena, akangoja. Pii! Bibi Bertilla akacheka mpaka akakaa chini kabisa. “Nimeishi miaka yote hii, magari ya watu yananipita yananimwagia vumbi, hakuna hata moja lililowahi kunisalimia. Hili limefunzwa!”

Basi pakawa hapatoshi. Kila mzee alitaka aitikiwe. Wanawake walipanga mstari, wakapiga goti mmoja baada ya mwingine, na gari likawajibu wote bila ubaguzi, wenye sauti na wasio na sauti. Katekista, mtu mkavu ambaye hacheki hata Pasaka, alisubiri zamu yake akiwa na kofia mkononi. Alipoitikiwa alivaa kofia akaondoka akitabasamu. Waliosimama njiani wakaingia. Mzee mmoja aliyenuniana na gari tangu lilipomkanyagia kuku alilisalimia, akajibiwa, akatangaza kwamba yamekwisha.

“Mwanangu Isdori,” mama alisema huku anapangusa machozi ya kucheka, “gari lako lina adabu kuliko vijana wa siku hizi.”

“Hongera, Mama Isdori!” sauti za wanawake zikapokea. “Hongera sana, Mama Isdori!”

Hebu muone Alois sasa. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake, kitu ambacho hakuna fundi wa Mbeya aliyekifanya, iko pale inashangiliwa na kijiji kizima, na inaitwa ya Isdori. Kifua kilimwaka. Alitaka apige kelele kwamba ni yeye, ni yeye, maiki ni yake, transista ni zake, sikio lile amelichonga yeye. Lakini akisema ni yeye, wangemuuliza: ulikusudia? Akisema hakukusudia, ni fundi mbovu. Akisema alikusudia, alikusudia nini? Mtego alioutega ulikuwa umemshika yeye miguu yote miwili. Furaha ilikuwa imeshamtoka usoni, akabaki amekunjamana kama aliyemeza ndulele. Ndipo alipoinua macho akakuta mama yake ameacha kucheka na anamtazama yeye. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama utotoni, asali ilipopungua kibuyuni.

“Wazee wangu,” Isdori aliita, akainua mkono. “Wazee wangu, nisikilizeni. Msinipe sifa isiyo yangu. Mimi kazi yangu ni kubeba dagaa. Hii alamu ni ya kuzuia wezi, na ameitengeneza kaka yangu pale Mazwi, kila waya kwa mkono wake. Wezi wa mjini hawapigi makofi. Alijua gari linakuja kwenu, akaona haifai liingie kwa mama bila kusalimia watu.”

Vichwa vyote vikageukia kona ya nyumba.

“Ni kweli, Alois?” mama akauliza. “Wewe ndiye uliyelifundisha kuitikia?”

Palikuwa na nafasi hapo, ndogo, ya kusema neno jingine.

“Ndiyo, mama,” Alois alisema.

Mama akamwendea. Akamwinamisha kichwa, akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, pole pole, kama alivyomchora siku alipoondoka kwenda mjini kujifunza kazi. “Baba yako angelisalimia yeye wa kwanza,” akasema. Wanawake wakapiga vigelegele na makofi, “Mama Alois! Mama Alois!” na gari likawa linaitikia ovyo, pii, pii, pii, haliwezi kuwafuata. Jina lilikuwa limerudi. Alilipata lote, mbele ya watu walewale, na Bibi Bertilla akamshika mkono akamkalisha penye kiti cha wakubwa. Wakamletea ugali wa ulezi na paja la kuku. Alilitazama lile paja, akampa mtoto aliyekuwa karibu.

Baadaye, wageni wakiwa wamehamia kwenye pombe ya ulezi nyuma ya nyumba, Isdori alikuja kumgusa bega.

“Kaka, njoo ulipunguzie sikio. Watoto wameshaanza kulichezea, betri itakufa.”

Wakaenda wawili. Isdori akazima swichi chini ya bampa, akafungua mlango, na Alois akaingia akajilaza chini ya usukani na bisibisi yake. Akafungua kifuniko. Isdori alichutama nje, penye mlango, kiasi kwamba Alois aliona magoti yake tu na mikono iliyonuka dagaa.

“Ulicheka mapema,” Isdori alisema.

“Nini?”

“Honi ilipolia mara ya kwanza. Sote tulishtuka, hata Bibi Bertilla. Wewe ulikuwa unacheka tayari.”

Bisibisi ilisimama. Nyuma ya nyumba mtu alianzisha wimbo, wengine wakaupokea.

“Halafu nikaona na mama anakuangalia,” Isdori akaendelea, bila ukali wowote, kama anayesimulia hali ya barabara. “Ndiyo nikasema vile.”

Alois alingoja sauti ya kushtakiwa. Alingoja dharau kidogo, hata chembe ya kujiona, kitu cha kumshikia mdogo wake ili amchukie vizuri. Hakikuja. Akajikuta anauliza, na sauti ilimtoka kavu.

“Kwa nini hukuniacha niaibike?”

Isdori alionekana kutafuta jibu kwa moyo wote, kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

“Sijui, kaka. Wala sikufikiri. Ilikuja tu.”

Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kuwaondoa watoto kwenye kihenge. Alois alizungusha volyumu kushoto, akaendelea kuisukuma kushoto ingawa ilikuwa imeshafika mwisho. Yeye uovu wake aliuwaza, akaupima, akaufunga kwa skrubu. Yule mwingine alitenda wema kwa pumzi moja, mbele ya watu wote, na hata hakujua alikoutoa. Gari Alois angeweza kulipata siku moja, Mungu akijalia na mikono ikiwa mizima. Wema huo wa kuja tu haukuwamo ndani yake, alijipekua pale chini ya usukani na hakuuona. Wivu ukamshika upya, mkali kuliko ule wa mwanzo. Gari angalau mtu unaweza kulichokonoa kwa bisibisi.